Viza Hakuna, Karatasi Zipo: Mazungumzo na Akina Mama wa Vitenge Wanaokwenda Cotonou

(Mazungumzo haya yalitolewa Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya kikundi cha wauza vitenge na mafundi wa mavazi wanaojiandaa kwa safari ya Benin. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mama Mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na akina baba mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna safari nyingine: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawafikia, habari za jioni.

Nimeitwa kuzungumzia viza ya Benin. Mama Mwenyekiti aliponipigia simu nilimwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya dakika moja. Mtanzania haombi viza ya Benin." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo utueleze kwa nini binti wa jirani yangu alirudishwa mpakani."

Nimekuja kueleza. Na nitasema neno moja mpaka mlichoke: viza hakuna, karatasi zipo. Tuseme pamoja. Viza hakuna? Karatasi zipo. Ahsanteni.

Kwanza tuijue neema yenyewe, maana ukiwa nayo mkononi unaweza kuidharau. Mei 2024, kwenye mkutano wa wafanyabiashara wakubwa uliofanyika Kigali, Aliko Dangote alilalamika hadharani. Mnamjua Dangote: simenti yake mnaijua, kiwanda kiko kwetu Mtwara. Tajiri namba moja wa Afrika. Alisema akitaka kuzunguka bara hili kwa pasi yake ya Nigeria inambidi aombe viza 35. Thelathini na tano! Na pembeni yake alikaa bosi wa kampuni kubwa ya mafuta ya Ufaransa. Dangote akamwonyesha, akasema huyu Mfaransa na pasi yake ya Ulaya anatembea Afrika kwa urahisi kuliko mimi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kila siku: kumwombea Mwafrika ruhusa ya kuingia Afrika.

Sasa, kama Dangote analia, mama wa doti kumi za vitenge afanye nini?

Ndiyo maana Benin ni jambo la pekee. Mwaka 2016 Patrice Talon alikuwa ameingia madarakani karibuni. Akaenda Rwanda, akaona Wanyarwanda wamelegeza mlango wao kwa Waafrika, akatangaza akiwa huko huko Kigali kwamba na Benin itafanya hivyo. Tangu hapo Benin imekaa kwenye kundi dogo sana, pamoja na Gambia, Rwanda na Shelisheli, la nchi zinazompokea Mwafrika yeyote bila viza. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, wote. Unapewa hadi siku 90. Hulipi ada, hupeleki picha mbili kwenye ubalozi, hupangi foleni. Ila ubalozi wetu sisi Watanzania ulio jirani na huko uko Abuja, Nigeria. Cotonou hatuna. Likumbukeni hilo, kwa sababu ukipoteza pasi ukiwa Cotonou, hakuna ofisi yetu ya kukimbilia mtaa wa pili. Piga nakala ya pasi, acha moja nyumbani, na nyingine ikae kwenye simu.

Lakini viza hakuna...? Karatasi zipo.

Mlango wa kwanza wa Benin, mama zangu, hauko Benin. Uko Kipawa, uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu, kwenye kaunta ya ndege. Hapo ndipo safari nyingi huharibikia.

Nina mteja, fundi wa magauni ya harusi. Alifika kaunta na mabegi yake, kijana akaichukua pasi, akafungua kurasa, akafungua tena. "Mama, viza yako iko wapi?" Mama akasema, "Benin hawataki viza." Kijana akasema, "Haiwezekani. Nigeria wanataka viza." Nigeria? Mama anakwenda Benin, Nigeria imetoka wapi?

Imetokea hivi. Kuna mji unaitwa Benin City, na huo kweli uko Nigeria, jimbo la Edo. Zile sanamu maarufu za shaba mnazosikia zikidaiwa kwenye majumba ya makumbusho ya Uingereza zilitoka kwenye mji huo. Nchi ya Benin ni nyingine kabisa. Zamani iliitwa Dahomey, ikabadilishwa jina mwaka 1975. Makao makuu yake rasmi ni Porto-Novo, ila shughuli nyingi za serikali na biashara, na uwanja wa ndege wa kimataifa, viko Cotonou. Kijana wa watu alizichanganya. Wengi wanazichanganya, hata waliosoma.

Je, kijana ni mbaya? Hapana. Shirika la ndege likimpakia abiria asiye na karatasi zinazotakiwa, linabebeshwa jukumu la kumrudisha, na mara nyingi linapigwa faini juu. Kwa hiyo kijana analinda mfuko wa mwajiri wake. Ukimgombeza, anazidi kukaza. Yule mama nilikuwa nimeshamfundisha. Alitulia, akasema, "Mwanangu, naomba uangalie kwenye mfumo, uandike Cotonou, pasi ya Tanzania." Mashirika yanao mfumo unaoitwa Timatic, unaoonyesha masharti ya kila nchi kwa kila pasi. Akaitwa msimamizi, wakaangalia, wakaona. Mama akapata kiti chake.

Mnaona kilichomwokoa? Alikuwa na utulivu, na alikuwa amefika mapema, saa tatu kabla ya ndege. Angefika saa moja kabla, ubishi huo ungemalizika ndege ikiwa angani.

Na hapo hapo kaunta wataangalia mengine. Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku unayoingia. Iwe na kurasa tupu za kugongwa mihuri. Tiketi ya kurudi: usiseme "nitakata nikifika huko". Na mahali utakapolala, kwa anwani na namba ya simu. Kama unalala kwa mwenyeji, mwambie akuandikie barua ya mwaliko, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Iandikwe kwa Kifaransa, maana afisa uhamiaji wa Cotonou ndiyo lugha yake ya kazi. Usitegemee Kiingereza chetu cha "yes, no" kitakuvusha. Wenye watoto, chukueni cheti cha kuzaliwa, na kama baba hasafiri, barua yake ya ridhaa.

Haya yote mchapishe. Karatasi. Msiniambie "iko kwenye simu". Simu ikizima, na wewe umezima.

Jambo la pili nitakaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo watu wanalifanyia mzaha. Kadi ya njano.

Benin wanataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapo hakuna cha Mwafrika wala Mzungu, wote wanaonyesha. Sasa tuambiane ukweli, maana tuko wenyewe: wangapi hapa mmesikia kwamba kadi inapatikana kwa mtu fulani bila sindano? Msinyooshe mikono. Nawaona mnavyotazamana.

Niwasimulie kisa. Mwaka 1927, katika kijiji cha Kpeve, nchi ambayo leo ni Ghana, kulikuwa na kijana wa miaka 28, jina lake Asibi. Akashikwa na homa. Wakati huo homa ya manjano ilikuwa inaua watu Afrika Magharibi, na wataalamu wa taasisi ya Rockefeller walikuwa wameweka kambi Lagos na Accra kutafuta kinachoisababisha. Wakamchukua Asibi damu, wakamdunga nayo nyani. Nyani akafa. Asibi akapona.

Waliokuwa wakichunguza wengine hawakupona. Adrian Stokes, daktari, aliambukizwa na akafa Lagos mwaka huo huo wa 1927. Mjapani Hideyo Noguchi, aliyekuwa na jina kubwa duniani, alifia Accra mwaka 1928. Lakini virusi vile vilivyotoka kwenye damu ya Asibi vilisafirishwa, vikakuzwa maabara mara nyingi mno mpaka makali yakaisha. Max Theiler na wenzake wakapata chanjo mwaka 1937, na mwaka 1951 Theiler akapewa Tuzo ya Nobel. Asibi hakupewa tuzo hiyo.

Mama zangu, chanjo utakayodungwa hapa Dar es Salaam ina asili yake kwenye damu ya kijana wa Kpeve. Na Kpeve si mbali na huko mnakokwenda: ukitoka Cotonou, unapita Togo tu. Kwa hiyo ukinunua kadi bila sindano unaibeba hadithi ya Asibi, halafu kinga yake unaiacha. Unakwenda mahali ambako ugonjwa wenyewe upo, ukiwa na kipande cha karatasi cha kumwonyesha mbu. Mbu hasomi.

Sasa utaratibu. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Siku 10! Ukichanjwa Jumatatu ukapanda ndege Ijumaa, cheti chako bado hakijaanza. Afisa akihesabu tarehe, umekwama. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatosha maisha yote. Kwa hiyo wenye kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi, msitupe, bado ni halali. Kuna wasiopaswa kuchanjwa hovyo: mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga dhaifu, na waliovuka miaka 60 wakichanjwa kwa mara ya kwanza. Hao waongee na daktari kwanza, mapema. Msione aibu, na msimfiche daktari kitu.

Na majina! Jina kwenye kadi lifanane na jina kwenye pasi, herufi kwa herufi. Kuna mama alichanjwa akaandikwa kwa jina la mumewe, pasi ina jina la baba yake. Alitumia nusu saa kueleza habari za ndoa yake kwa watu asiowajua, kwa lugha asiyoijua. Mngependa?

Halafu msisahau kurudi. Tanzania nayo humtaka mtu anayetoka nchi zenye homa ya manjano aonyeshe kadi, na Benin ni mojawapo. Yaani kadi hiyo hiyo itaulizwa Kipawa, nyumbani kwako, na wewe ni mwenye nchi. Isikae kwenye begi la chini pamoja na vitenge.

Sasa tuje kwa binti wa jirani.

Binti yule alifika Cotonou vizuri kabisa. Akagongewa mhuri, akapanda zemidjan, ndiyo bodaboda zao, madereva wake huvaa mashati ya njano. Akaingia soko la Dantokpa, akanunua. Akasikia kwamba Lagos, soko la Balogun, mzigo ni bei ya chini zaidi. Akauliza, Lagos ni mbali? Akaambiwa hapo tu, kama kilomita 120. Akaona wenzake wanapanda teksi asubuhi na kurudi jioni. Wanaonyesha kitambulisho, wanapita. Akapanda na yeye.

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Sèmè-Kraké kilizinduliwa mwaka 2018, maafisa wa Benin na wa Nigeria wakikaa sehemu moja. Wenzake wote wanne wakapita. Binti akatoa pasi ya Tanzania. Afisa wa Nigeria akauliza viza. Viza hana. Na wahenga walishasema, mgeni ni kuku mweupe. Kati ya watu wote kwenye teksi ile, mmoja tu aliambiwa ashuke.

Kwa nini wenzake wapite na yeye asipite? Kwa sababu wao wako kwenye ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliyoanzishwa Lagos mwaka 1975. Mwaka 1979 walitia saini itifaki ya watu wao kutembeleana siku 90 bila viza. Hiyo ni nyumba yao, kama sisi tunavyopita Namanga na Sirari kwa mhuri tu kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnigeria hawezi kuja Namanga akasema "nimewaona Wakenya wakipita". Barabara ile ya pwani kutoka Abidjan hadi Lagos ni ya kilomita elfu moja na kidogo, na inapita nchi tano: Côte d'Ivoire, Ghana, Togo, Benin, Nigeria. Kwa mwenyeji ni barabara moja. Kwako wewe ni milango mitano, na kila mlango una mwenyewe.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kutembea huru bara zima mwaka 2018. Inahitaji nchi 15 ziridhie ndipo ianze kazi. Zilizoridhia ni chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Viongozi wetu wanapenda sana kupiga picha wakitia saini. Kuridhia ndiyo kazi. Nisiseme zaidi, kuna watoto wa wakubwa humu.

Kwa hiyo: anayetaka Lagos aombe viza ya Nigeria hapa hapa kabla ya kuondoka. Tangu Mei 2025 wanaitoa kwa mtandao. Anayetaka Lomé akaone wanakotoka wale Nana Benz, akina mama wa Togo waliotajirika kwa vitenge mpaka wakawa na magari ya Mercedes wakati mawaziri wao wanayaazima, naye afuate utaratibu wa Togo wa kujiandikisha mtandaoni kabla ya kufika. Na hata ukiwa na viza ya jirani, mpaka wa barabara hauna dhamana. Agosti 2019 Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu, wafanyabiashara wa Benin wakaozewa na nyanya na mananasi, na haikufunguliwa hadi Desemba 2020. Kaskazini, upande wa Niger, matatizo yalianza baada ya mapinduzi ya 2023. Huko kaskazini ya Benin, karibu na mbuga ya Pendjari na ile inayoitwa W, msiende kabisa. Kuna makundi yenye silaha na wanajeshi wengi wameuawa. Na Desemba 2025 kikundi cha wanajeshi kilijaribu kupindua serikali Cotonou kwenyewe, kikashindwa siku hiyo hiyo. Siwatishi. Nawaambia msikilize habari wiki ya safari, si wiki mliyokata tiketi.

Njia ya kwenda: wengi mtapita Kigali au Addis Ababa. Nawaomba tiketi iwe moja kutoka Dar mpaka Cotonou. Kuna wanaokata vipande viwili kwa sababu vimeonekana rahisi mtandaoni. Ukifika katikati unalazimika kutoka, uchukue begi, ulikabidhi upya, na kutoka maana yake ni kuingia nchi hiyo. Kigali hutapata shida, ni ndugu zetu wa jumuiya. Kwingine utaulizwa viza ya nchi ambayo hukuwa na haja nayo.

Fedha, haraka haraka. Wanatumia faranga ya CFA ya Afrika Magharibi, imefungwa kwa yuro: yuro moja ni faranga 655.957, haipandi haishuki. Kwa hiyo bebeni yuro. Shilingi yetu huko hakuna atakayeipokea. Na msiletewe noti za CFA ya Afrika ya Kati, za Cameroon na Gabon. Jina ni lile lile, ila Dantokpa hazinunui hata pilipili.

Dada pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: mdogo wake yuko London, ana pasi ya Uingereza, anataka kuungana nanyi. Je, naye hana haja ya viza? Jibu ni hapana, anaihitaji. Mpakani inasomwa pasi, damu haisomwi. Kuzaliwa Tanga hakumsaidii kama pasi ni ya Uingereza, wala aliye Muscat kwa pasi ya Oman. Hao waombe viza ya mtandao. Ya siku 30 ya kuingia mara moja ada yake ni yuro 50. Waombe kwenye ukurasa wa serikali ya Benin, anwani yake huishia na .bj. Kuna kurasa nyingi za mawakala zimepakwa rangi za bendera zinazotoza mara mbili.

Nikiwa hapo, mwaka 2024 Benin ilitunga sheria ya kuwapa uraia wale ambao wazee wao walichukuliwa utumwani wakavushwa bahari. Mwimbaji Ciara wa Marekani alipewa wake mwaka 2025. Mkifika Ouidah mtaliona lile lango kubwa ufukweni, lililojengwa kuwakumbuka waliopandishwa majahazini wasirudi. Tengeni nusu siku mwende. Ni pwani kama yetu, minazi kama yetu, na sisi wa Bagamoyo na Zanzibar tunajua ilivyokuwa. Mmoja wenu aliniuliza kama itabidi aingie kwenye mambo ya vodun, dini ya jadi ya huko. Mama, hakuna atakayekulazimisha. Sikukuu ya vodun ni ya taifa, huwa Januari karibu na tarehe 10, ngoma zinapigwa, watu wanajaa, vyumba vya wageni vinapanda bei. Kama hutaki, usiende siku hizo. Kama unataka, weka chumba mapema.

La mwisho kabla ya maswali. Siku 90 mnazopewa ni za kutembelea na kununua. Si za kufungua kibanda na kuuza. Anayetaka kukaa zaidi au kufanya kazi akaombe kibali huko huko kabla siku hazijaisha. Na mzigo mtakaorudi nao mtaikuta kodi yake TRA. Hilo Mama Mwenyekiti atawaletea mtu wake, mimi siligusi.

Sasa naomba tufanye kazi. Wenye pasi zinazoisha ndani ya mwaka huu, njooni meza ya kushoto, tuandike majina yenu ili mwende uhamiaji pamoja. Ambao hawajachanjwa, meza ya kulia. Waliochanjwa wakaandikwa kwa majina ya waume zao, mje kwangu mimi mwenyewe.